Bi Kamba na Mkono wa Fundi

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, mhandisi wetu wa vifaa vya tiba, anayeitwa Bi Kamba na kila mtu kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, atarudisha funguo tatu za karakana na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ofisi ya utumishi imenipa heshima ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Barua ilisema nisizidishe kurasa nne na lugha iwe ya kuchangamsha. Kurasa nitazichunga. Kuchangamsha nitajaribu pale panapowezekana, maana nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na minne, mimi mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yeye mwenye mashine, na mengi niliyoyashuhudia hayachangamshi.

Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na tisa, akapewa kazi ya kutengeneza vitanda vya kupandisha na kushusha, viti vya magurudumu na mizani za wodini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya dobi, na kila mchana mvuke wa mashuka uliingia dirishani ukazitia bisibisi kutu. Hakulalamika. Alizipaka mafuta kila Ijumaa. Viti vya magurudumu vilivyopita mikononi mwake havikulia tena, mpaka muuguzi mmoja wa zamani akaja kumshitakia kwamba sasa wagonjwa wanamnyatia na kumshtua.

Katika mwaka wake wa tisa, chuo kimoja cha ufundi kilichokuwa kikifunga maabara kilituletea lori lenye fremu ya chuma, mota saba na gunia la kamba zilizosokotana. Hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Uongozi ulimwambia abomoe, achukue vyuma vya kutengenezea vitanda. Akaomba wiki mbili aangalie kwanza. Wiki mbili hizo zimemchukua miaka ishirini na miwili.

Nieleze kidogo kwa ajili ya wale wa ghorofa za juu ambao hawajawahi kushuka huku kwetu. Ile ilikuwa roboti ya kuwazoeza mikono watu waliopatwa na kiharusi. Fremu yake ni kama ya chandarua kikubwa, imesimama juu ya kiti. Kutoka juu zinashuka kamba saba nyembamba, kila moja na mota yake ya kuikunja na kuilegeza, na zote zinakutana kwenye kitambaa kipana kinachofungwa mkononi mwa mgonjwa, chini kidogo ya kiwiko. Mota zikikunja hapa na kulegeza pale, mkono uliolala unapanda, unashuka, unakwenda pembeni, kama mkono wa mtu anayefuta kioo.

Tabu iko kwenye kamba. Roboti yenye mikono ya chuma inajua mkono wake uko wapi, kwa kuwa chuma hakivutiki. Kamba inavutika. Itundikie kilo mbili, inarefuka. Ziondoe, hairudi papo hapo, inajikokota kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tena kwa kamba unaweza kuvuta tu, huwezi kusukuma, na ikilegea hata moja mkono wa mgonjwa unadondoka. Kwa hiyo kompyuta inahitaji hesabu ya kuiambia, mara mia kwa sekunde, kila kamba imevutika kiasi gani na imebeba mzigo gani. Chuo hakikutuletea hesabu hiyo. Bi Kamba aliitunga mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na madaftari ya shule, moja baada ya jingine, hadi yakajaza kabati mbili.

Jina lake lilitokana na kazi hiyo. Alifunga kamba kwenye korido ya nyuma, kutoka mlango wa dobi hadi mlango wa stoo, akatundika uzito katikati, na kila asubuhi akawa anapima imelegea kiasi gani. Siku ya kumi na moja alikuta mama wa usafi ameanika matambara yote ya deki.

"Mama, umeniharibia kazi ya siku kumi!"

"Kamba ya bure ipo, jua la dirishani lipo, mimi nitaanika wapi?" mama wa usafi akamjibu. "Wewe ndiye Bi Kamba, funga nyingine."

Katika daftari la mwaka ule, mbele ya tarehe ile, ameandika: "Siku ya 11: deki, nne, mbichi." Kisha akapima vilevile, kwa sababu, alivyosema, kamba haijali imebebeshwa nini.

Nilipohamishiwa hapa, roboti ilikuwa inafanya kazi, na ninasema bila kutia chumvi kwamba sijawahi kuona mashine inayomshika mtu kwa upole namna ile. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wanachoka. Mkono unapandishwa, unashushwa, na mwenye mkono hajui kama yeye mwenyewe ana mchango wowote. Wengi waliacha baada ya mwezi. Ndipo mimi nikamwomba atuwekee kwenye skrini kitu cha kumwonyesha mgonjwa juhudi zake.

Ni mimi niliyeomba. Naliandika hili wazi kwa sababu katika miaka yote iliyofuata hakunikumbusha hata mara moja.

Alifikiri kwa wiki tatu, kisha akaweka mstari wa kijani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kamera ndogo iliyo juu ya fremu inaona mkono ulipo. Mota zinajua zimekunja kamba kiasi gani. Tofauti ya hivyo viwili ni jinsi kamba ilivyovutika, na kamba iliyovutika kidogo imebeba kidogo. Toa kilichobebwa na kamba katika uzito wa mkono, kinachobaki amekibeba mgonjwa mwenyewe. Sifuri maana yake mashine inafanya yote. Mia maana yake mashine imepumzika.

Mstari ule ulibadili chumba. Watu walikuja kabla ya saa zao. Walikunja uso, walitoa jasho, walipiga kelele kama wako uwanjani. Ukipanda kwa alama mbili tulipiga makofi. Jarida hili hili lilichapisha picha yetu.

Miaka minane iliyopita, asubuhi moja, mume wake alianguka juu ya meza yake ya kukatia nguo. Alikuwa fundi cherehani, na sisi sote tulimwita Fundi tu. Nusu ya wanaosoma hapa wana sare zilizopita kwake. Kiharusi kilimwachia maneno yake na akili yake yote, kikauchukua mkono wa kulia.

Aliletwa kwenye kiti chetu wiki ya tano. Mwezi huohuo Bi Kamba alikuwa amefunga kamba mpya zote saba. Alimfunga kitambaa mwenyewe, akamrekebisha kola ya shati, akaenda kukaa nyuma ya kompyuta kama vile anamhudumia mgonjwa yeyote.

"Shemeji," Fundi akaniambia, "miaka yote hii nikimuuliza mke wangu kazini anafanya nini, ananiambia anavuta kamba. Kumbe alikuwa ananitegea mimi."

Mstari ulisoma sifuri. Wiki ya sita ya mazoezi ulisoma kumi na mbili. Wiki ya kumi na mbili, ishirini na sita. Ulipanda taratibu, bila kurukaruka, na nilipouchora kwenye karatasi ulitoka mzuri kama wa vitabuni. Wiki ya ishirini ulifika arobaini na moja. Mkuu wa idara alishuka mwenyewe kuja kumpa mkono, akampa wa kushoto kwa heshima, na Fundi akamwambia, "Mkubwa, subiri miezi mitatu nikupe huu mwingine, halafu nikupunguzie hiyo suruali, inakudhalilisha."

Nje ya kiti mkono wake ulikuwa bado unaning'inia. Hilo nililiona kila siku, na kila siku nilijipa jibu: bado misuli midogo haijaamka, bado bega, subira. Mtu akitaka kuamini hakosi sababu.

Binti yao alikuwa anaolewa. Fundi akatangaza nyumbani kwamba gauni la harusi halitaenda kwa fundi mwingine. Binti akanunua kitambaa, cheupe, mita saba. Fundi alikitandaza juu ya meza na kuanza kuchora kwa chaki kwa mkono wa kushoto, polepole, huku akingoja wa kulia uje kushika mkasi.

Jumatatu ya wiki ya ishirini na moja Bi Kamba aliona kamba moja imeanza kutoa nyuzi. Kamba hukatikia pabovu, na yeye hakuwa mtu wa kungoja. Akabadili zote saba. Jumanne Fundi akakaa kitini, akakunja uso, akavuta pumzi.

Mstari ulisoma nne.

"Mashine imelala," akasema. Tukaanza upya. Nne. Jumatano, tano. Aliendelea kujaribu mpaka mshipa ukamtoka shingoni, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba amepata kiharusi kingine usiku bila kujua. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akasema hakuna kipya, yuko vilevile alivyokuwa.

Bi Kamba alilisikia neno hilo, "vilevile." Alhamisi mchana, wagonjwa walipokwisha, alikwenda kwa mafundi ujenzi waliokuwa wakikarabati wodi ya wazazi akarudi na mchanga ndani ya mfuko wa mto. Akaupima kwenye mizani, akapunguza, akaongeza, mpaka ukafika kilo tatu na robo tatu, uzito wa mkono wa Fundi. Akaufunga kwenye kitambaa, pale mkono unapokaa. Kamba zilikuwa zile mpya. Akawasha. Mfuko ukapanda, ukashuka. Mstari ukasoma mbili.

Kisha akazifungua zote saba, akaokota kwenye pipa zile za zamani alizozitoa Jumatatu, akazifunga. Ilimchukua saa nzima na hakuniruhusu nimsaidie. Akawasha tena. Mfuko ukapanda.

"Niambie unaona ngapi," alisema. Alikuwa amesimama upande wa pili, ameipa skrini mgongo.

"Thelathini na nane."

"Soma tena."

"Thelathini na nane, dada."

"Ni mchanga, mdogo wangu," akasema. "Mchanga huo."

Alinieleza palepale, kwa sauti ileile ya kueleza kitanda kilichoharibika. Kamba ya nyuzi ikitumika, nyuzi zake hujipanga na kubanana. Kila siku inakuwa ngumu kidogo. Kamba ngumu haivutiki sana hata ikiwa imebeba mzigo wote. Hesabu yake iliijua kamba mpya tu, haikujua kwamba kamba hukomaa. Kwa hiyo kila siku kompyuta iliona kamba imevutika kidogo kuliko jana, ikadhani imebeba kidogo kuliko jana, na kilichobaki ikampa mgonjwa. Ule mchoro mzuri niliouchora ulikuwa mchoro wa kamba saba zikikomaa. Miaka ya nyuma, mstari uliposhuka baada ya kufunga kamba mpya, tulisema mgonjwa amechoka. Mkono wa Fundi haukuwa umesogea hata unywele.

Wagonjwa wengine kumi na mmoja walikuwa na ripoti zenye saini yangu na yake.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa mkuu wa idara. Hakuwa mtu mbaya, na sasa ni marehemu, nisimseme vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Mmeniambia mimi, inatosha," alisema. "Rekebisha polepole, mstari ushuke kidogo kidogo, nani atajua? Mgonjwa asiye na tumaini hainui hata kijiko. Mnataka kuwaambia watu kumi na wawili kwamba hawana kitu?"

"Mmoja wao ni mume wangu," Bi Kamba akajibu. "Unataka nianze kumdanganya yeye, au niishie kwake?"

Mkuu akasema basi aamue mwenyewe, ila hospitali haitaandika barua yoyote. Ndiyo maana hakuna barua. Alikwenda kwa miguu yake.

Alianza nyumbani, Jumamosi, kabla ya saa sita, akaniomba niwepo kwa sababu ya maswali ya misuli. Fundi alikuwa kwenye meza yake. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa na mistari ya chaki ilikuwa imefika kiunoni. Bi Kamba hakukaa. Alimweleza yote, kamba mpya, kamba zilizokomaa, mfuko wa mto, mbili na thelathini na nane. Alipomaliza, Fundi aliendelea kuitazama chaki.

"Kwa hiyo mimi na mchanga tumetoka sare," akasema.

"Fundi..."

"Hapana, subiri nielewe vizuri. Mimi nilikuwa natoa jasho. Jasho nalo lilikuwa la kamba?"

"Jasho lilikuwa lako."

"Na nguvu?"

Fundi akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe ndiye wa misuli. Mkono huu utashika mkasi?"

Nilikuwa na majibu mengi, tunayafundishwa chuoni. Nikasema, "Sidhani, kaka."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa nguo aipime akaona haifai. Kwa mkono wa kushoto akaanza kukikunja kitambaa. Kilikuwa kikubwa, kikamteleza, na mkewe akanyoosha mkono amsaidie.

"Acha," akamwambia. "Hiki nakiweza."

Kilimchukua muda mrefu. Tulisimama tukamtazama mpaka akamaliza.

Gauni lilishonwa kwingine. Harusini Fundi alikaa safu ya mbele, mkono wa kulia ameuweka mapajani na kuufunika kwa leso, na watu wakasema bwana harusi amepata mke wa gauni safi. Kwenye kiti chetu hakurudi tena. Nilimfuata mara mbili nyumbani nikamwomba tufanye mazoezi ya kawaida, yasiyo na mashine wala namba. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za watoto, akasema nimwambie mchanga aendelee, yeye amestaafu. Baada ya miezi kumi na minne kiharusi cha pili kilimkuta kitandani. Hakuamka.

Msibani, wifi yake Bi Kamba, dada wa marehemu, alisimama mbele ya watu waliojaa sebuleni akasema, "Ndugu yangu ameuawa na ukweli wa mkewe. Angemwacha na matumaini yake angekuwa hai." Madaktari wetu wamesema mara nyingi kwamba mambo hayo mawili hayahusiani, kwamba mshipa ni mshipa. Bi Kamba amewasikiliza kila mara na kuwashukuru. Tangu siku ile wifi hajaongea naye, na Bi Kamba hajawahi kusema kwamba wifi amekosea.

Wale kumi na mmoja aliwaendea wote, mmoja mmoja, ndani ya wiki tatu. Nilimsindikiza kwa saba. Mzee mmoja dereva alitufungulia, akasikiliza, akafunga mlango. Mke wa mgonjwa mwingine alitulilia tusimwambie mumewe, na Bi Kamba akamwambia atakaa barazani mpaka mama awe tayari. Akakaa saa tatu. Akamwambia.

Mmoja tu ndiye aliyerudi kwenye kiti. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye kicheko, mkono wa kushoto ndio uliolala.

"Sasa yangu ya kweli ni ngapi?" akauliza.

"Sifuri, mama."

"Sifuri naijua. Nimepokea watoto wakatoka sifuri kabisa, hawapumui, hawalii, tukawashughulikia hivyohivyo. Wengine walilia. Wengine hawakulia." Akauinua ule mkono wa kushoto kwa wa kulia, akauweka mapajani. "Jumatatu nije saa ngapi?"

Alikuja kwa miaka mitatu. Alifika tatu. Alama tatu kati ya mia, zilizopimwa kwa kamba za kila umri, kila mara baada ya kupima mfuko kwanza, hazina chembe ya mchanga ndani yake. Tatu haiinui kikombe. Haiinui hata shuka. Alihamia kwa mwanawe mji mwingine na hatujapata habari zake tena.

Ofisi ya utumishi ingependa niorodheshe mafanikio, na yapo. Baada ya kumzika mumewe Bi Kamba alirudi kazini siku ya nane, akaanza kuandika upya hesabu yote. Kwa miaka minne alitundika mifuko ya mchanga, akapima kamba ya siku moja, ya wiki, ya miezi sita, ya mwaka, kwenye joto la mchana na ubaridi wa alfajiri. Hesabu aliyoitoa inajua kamba imetumika kiasi gani, imevutwa mara ngapi, imepumzika muda gani. Funga kamba yoyote, ya umri wowote, tundika mchanga: mstari unasoma sifuri. Ni kazi kubwa. Nilimwona siku alipomaliza. Alifunga daftari, akazima taa ya mezani, akakaa. Hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi isipokuwa mimi, na mikono yangu haikupanda.

Maana mstari unaosema kweli haukuwa na wateja. Wagonjwa walikaa kitini, wakaona sifuri, kesho yake sifuri, wakaaga kwa adabu. Wachache walipanda hadi moja, mbili. Chumba kilianza kuwa na mwangwi. Nimejiuliza, na sijioni nikipata jibu, kama jasho walilolitoa kwa ajili ya ule uongo lilikuwa linawasaidia kwa namna ambayo mashine haikuweza kupima. Nilimuuliza Bi Kamba pia. Alisema amelifikiria swali hilo kila siku kwa miaka saba, na kwamba hata kama jibu ni ndiyo, asingejua la kufanya nalo.

Alipeleka hesabu yake kwenye mkutano wa wataalamu, nje. Wakamjibu kwa heshima. Walisema kazi imefanywa kwa uangalifu mkubwa, lakini kwa siku hizi haihitajiki: kuna kipimo kidogo, cha ukubwa wa kiberiti, kinachofungwa mwisho wa kamba na kusoma mzigo moja kwa moja, kamba iwe mpya au kuukuu. Nilipoisoma barua ile nilikasirika kwa niaba yake. Akaniambia nisikasirike.

"Nilivijua," alisema. "Mwaka mmoja kabla ya Fundi kuanguka, mtu wa vifaa alikuja na mkoba wake, akaniwekea viwili mezani nivijaribu. Nikamwambia hesabu yangu inatosha. Nilikuwa nimeitunga mwenyewe, mdogo wangu. Nilijivuna nayo."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikasimama kwenye korido.

Mwezi uliopita kamati iliamua kwamba chumba chetu kitakuwa stoo ya vitanda na kwamba nafasi ya Bi Kamba haitajazwa. Madaftari yake aliomba yapelekwe maktaba. Maktaba ikasema haina rafu, yakabaki kwenye maboksi, na yako nyumbani kwangu, chini ya kitanda cha wanangu. Jumanne ya wiki hii tulifungua roboti, sisi wawili. Nilishika ngazi. Alitoa mota moja baada ya nyingine akazifunga kwa magazeti kana kwamba kuna mtu atakuja kuzichukua. Nikamwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake na sijui niseme nini.

"Andika kwamba nilimpima vibaya mume wangu," akasema kutoka juu ya ngazi.

"Dada, hilo siwezi kuliandika kwenye jarida la hospitali."

"Basi usiandike chochote." Akashuka daraja moja, akasimama. "Au andika na la pili. Kwamba nilimwambia."

Nimeandika yote mawili. Ofisi wakitaka kukata, wakate, lakini nakala nimempa mwenyewe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa wodini, wa dobi, wa usafi, na kwa niaba ya watu kumi na wawili waliokaa kwenye kile kiti na kuambiwa ukweli na mtu aliyeuleta hadi mlangoni kwao, tunakushukuru, Bi Kamba. Najua umekwisha kuwaambia watu wa hafla kwamba hutaki keki wala hotuba, na kwamba ukikabidhi funguo utatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nitakuwa hapo mlangoni. Sina la kukupa na sitakudanganya kwamba huko uendako, kwenye nyumba ya mtu mmoja, kuna wepesi unaokungoja. Nitakubebea mkoba hadi kituoni, tukae kwenye benchi mpaka basi lako lije, na likichelewa nitafurahi. Maisha mema tunakutakia, dada yetu, sisi sote, hata sisi tusiojua yanapatikana wapi.